Lugha Iliyoanzia Bwenini: Historia ya Lugha ya Alama ya Tanzania na Nafasi ya Mtoto Mchanga Kiziwi, kwa Kuangalia Muheza na Milima ya Usambara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza sababu zilizoifanya historia ya lugha ya alama nchini Tanzania kuwa historia ya shule badala ya historia ya nyumba. Yakianzia Muheza na Milima ya Usambara, eneo lenye zaidi ya karne moja ya huduma za misheni, hospitali na taasisi za watu wenye ulemavu, makala yanaonyesha kwamba mtoto kiziwi aliingia katika taasisi hizo akiwa amechelewa, na kwamba lugha yake ilianza pale alipofikia umri wa kuandikishwa darasani. Hoja kuu ni kwamba kuchelewa huku hakukutokana na ukosefu wa huruma wala wa taasisi. Kulitokana na dhana ya muda mrefu kwamba lugha ya alama ni mbinu ya kufundishia, wakati ni lugha ya kulelea. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha mahali ambapo dhana hiyo inaweza kurekebishwa.

1.0 Utangulizi

Anayeuliza kuhusu lahaja za Kiswahili huelekezwa kwenye ramani. Ataambiwa kwamba Kimvita ni cha Mombasa, Kiunguja ni cha Unguja Mjini, na Kimtang'ata ni cha pwani ya Tanga, mwendo mfupi tu kutoka Muheza. Lakini anayeuliza kuhusu tofauti za kimaeneo ndani ya Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT) hupewa orodha ya shule. Ataambiwa kwamba alama fulani ni ya Tabora, nyingine ni ya Buguruni, nyingine ni ya Mwanga. Lugha nyingine za nchi hii zimebeba majina ya watu na mahali walipozaliwa wasemaji wake. Hii imebeba majina ya mabweni.

Jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika maandishi ya historia ya elimu maalumu. Mtoto wa Kibondei hujifunza Kibondei kwa mama yake na kwa bibi yake. Mtoto wa Kishambaa hivyo hivyo. Kiswahili, hata pale kinapokuwa lugha ya pili, mtoto hukutana nacho sokoni, kanisani, msikitini na redioni kabla ya kukutana nacho darasani. LAT peke yake ndiyo ambayo wengi wa watumiaji wake waliikuta wakiwa na umri wa miaka 7 au zaidi, mbali na nyumbani, mikononi mwa watoto wenzao. Swali linaloongoza makala haya ni hili: miaka ile iliyotangulia shule ilikwenda wapi?

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mapema. Ishara ni tendo lolote la mwili linalobeba ujumbe, kama vile kupunga mkono au kutikisa kichwa. Alama, katika matumizi ya Tanzania, ni kipashio cha lugha kamili yenye msamiati na sarufi yake, inayotamkwa kwa mikono, uso na mwili. Nchini Kenya neno ishara hutumika pia kwa maana hii ya pili, na ndiyo sababu wenzetu husema lugha ya ishara. Katika makala haya istilahi hizi zimetenganishwa, kwa kuwa hoja yenyewe inategemea tofauti hiyo. Kwa mtoto mchanga makala yanakusudia mtoto tangu kuzaliwa hadi takribani miaka 3.

2.0 Usambara na Taasisi za Watu Wenye Ulemavu

Si rahisi kudai kwamba Usambara ilisahauliwa na wahisani. Misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) ilianza kazi Magila, karibu na Muheza ya leo, mwaka 1868. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani, ambao kazi yao baadaye ilijulikana kwa jina la Bethel, walianzisha kituo Mlalo katika Usambara ya Magharibi. Mwaka 1896 reli iliyotoka Tanga ilifika Muheza, na mwaka huohuo makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani yakafunguliwa Lutindi. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo ya Lutindi yalianza kupokea wagonjwa wa akili, na hospitali iliyotokana nayo ni miongoni mwa za kwanza za aina yake katika Afrika Mashariki.

Mfululizo huo uliendelea baada ya uhuru. Irente, juu ya mji wa Lushoto, Kanisa la Kilutheri lina shule ya wasioona iliyojulikana nchi nzima, pamoja na makao ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao. Mwaka 2007 chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini kilifunguliwa Magamba, Lushoto, kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, na elimu maalumu ikawa miongoni mwa fani zake za kwanza. Kwa hiyo, katika milima hiyohiyo, mgonjwa wa akili, mtoto asiyeona, yatima mchanga na mwalimu wa elimu maalumu walijengewa kila mmoja mahali pake kwa nyakati tofauti.

Mtoto kiziwi hakuingia katika orodha hii kwa urahisi, na sababu mojawapo ni asili ya ulemavu wenyewe. Mtoto asiyeona hutambuliwa mapema kwa kuwa macho yake hayamfuati mama. Mtoto kiziwi hucheka, hunyonya, hukaa, hutambaa na kutembea kwa wakati. Katika miezi ya mwanzo hata sauti hutoa. Dalili inayomtambulisha ni kitu ambacho hakijatokea, yaani neno la kwanza, na kitu ambacho hakijatokea huweza kusubiriwa muda mrefu. Kila aliyelea mtoto katika jamii zetu amewahi kusikia faraja ile: atasema tu, mbona hata baba yake alichelewa. Faraja hiyo ni ya kweli kwa watoto wengi. Kwa mtoto kiziwi humla miaka 2 au 3 kabla ya mtu yeyote kutafuta ushauri.

Sababu ya pili ni ya kifikra. Misheni ilikuwa taasisi ya neno linalohubiriwa na kusomwa. Asiyeona aliweza kulisikia neno hilo, na baada ya maandishi ya nukta nundu aliweza hata kulisoma. Kiziwi alionekana kukosa mlango wenyewe. Kiswahili cha wakati huo kilimwita bubu, jina lenye kutaja kinywa wakati tatizo liko sikioni. Jina hilo lilibeba hukumu: aliyeitwa bubu alidhaniwa kwamba hana la kusema, na si kwamba hajapewa lugha ya kulisemea.

3.0 Muheza: Homa, Dawa na Sikio

Wilaya ya Muheza ina sababu ya pekee ya kuwamo katika historia ya usikivu wa watoto. Kwenye vilima vyake vya mashariki, Amani, serikali ya Kijerumani ilianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo. Miongoni mwa miti iliyopandwa huko ni mkwinini, ambao magome yake hutoa dawa ya malaria. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, njia za bahari zilipofungwa, maabara ya Amani ilitengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi ya Wajerumani.

Kwinini iliokoa maisha mengi. Pia ni dawa inayojulikana kwa kuvuma masikioni na kupunguza usikivu, athari ambazo kwa kawaida huisha baada ya matibabu lakini ambazo zimeacha kumbukumbu nzito. Wazazi wengi nchini husimulia ukiziwi wa mtoto kwa kuanzia na homa kali na sindano za kwinini. Masimulizi hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mtoto aliyechomwa kwinini ni yuleyule aliyekuwa na homa kali, na homa hiyo huenda ilikuwa ya uti wa mgongo, ambayo ni chanzo kinachotambuliwa cha ukiziwi wa kudumu. Malaria kali ya ubongo nayo huweza kuacha matatizo ya lugha na usemi; tafiti zilizofanywa Kilifi, kwenye pwani hii hii ya Waswahili, zimeonyesha hivyo. Surua, homa ya manjano ya watoto wachanga isiyotibiwa, na rubela inayompata mama mjamzito ni vyanzo vingine.

Hospitali Teule ya Muheza, iliyotokana na kazi ya Kanisa la Anglikana, ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 9 za Afrika vilivyoshiriki utafiti mkubwa wa kulinganisha kwinini na atesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kati ya watoto 5,425, waliofariki walikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa atesuneti na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti kwa watoto. Katika kipindi hichohicho Tanzania iliongeza chanjo zinazogusa vyanzo vya ukiziwi: ile yenye kinga dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2009, ya nimonia mwaka 2013, na ya surua na rubela mwaka 2014.

Mambo haya yana maana mbili kwa hoja ya makala. Kwanza, Muheza haikuwa pembezoni mwa tiba ya watoto. Ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo tiba hiyo ilipimwa na kubadilishwa. Pili, mafanikio hayo yalipimwa kwa kigezo kimoja kikuu, nacho ni uhai. Kigezo hicho kilistahili kutangulia, kwa kuwa mtoto lazima aishi kwanza. Lakini mtoto aliyepona homa na kurudi nyumbani bila usikivu alitoka katika takwimu za hospitali kama aliyepona. Kadi ya kliniki ilionyesha uzito na chanjo zake. Haikuwa na mstari unaoonyesha kama amepewa lugha.

4.0 Shule: Mahali Lugha Ilipoanzia

Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mjini Tabora mwaka 1963. Jina lake la mwanzo liliunganisha uziwi na ububu, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo duniani. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974, na ya Mwanga, Kilimanjaro, ikafunguliwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 1981. Kwa familia ya Muheza, hata shule ya Mwanga ilikuwa zaidi ya kilomita 200. Mtoto hakwenda na kurudi. Alihamia huko, na kurudi nyumbani wakati wa likizo.

Shule hizi za mwanzo zilirithi mgogoro usio wao. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliazimia kwamba usemi wa kinywa utangulizwe na alama ziondolewe madarasani. Azimio hilo lilitawala elimu ya viziwi Ulaya kwa takribani karne moja, na walimu waliokuja Afrika au waliofunza Waafrika walikuja nalo. Ndiyo maana katika miaka ya mwanzo mtoto alifundishwa kusoma midomo na kutamka, wakati mikono ilitakiwa kutulia. Mikono haikutulia. Bwenini, uwanjani na mezani watoto walizungumza kwa alama, wakiunganisha ishara alizokuja nazo kila mmoja kutoka kwao. Wakati huo William Stokoe, katika Chuo cha Gallaudet mjini Washington, alikuwa tayari ameonyesha, katika kazi yake ya mwaka 1960, kwamba alama za viziwi wa Marekani zina mpangilio wa kiisimu kama lugha nyingine yoyote. Ilichukua muda mrefu kwa hoja hiyo kufika kwenye madarasa yetu, ambako baadaye ilikubaliwa mbinu ya kuchanganya usemi, alama, maandishi na usomaji wa midomo.

Kilichotokea mabwenini si cha Tanzania peke yake. Nchini Nicaragua, shule zilizofunguliwa kuanzia mwaka 1977 ziliwakutanisha watoto viziwi ambao hawakuwa na lugha ya pamoja, na lugha mpya ikazaliwa kati yao. Watafiti waliofuatilia jambo hilo, akiwamo Ann Senghas, walibaini kwamba walioipa lugha hiyo utaratibu wake wa kisarufi ni wale waliojiunga wakiwa wadogo zaidi. Fundisho lake ni la pande mbili. Watoto wana uwezo mkubwa wa kuunda lugha wanapokutana. Na uwezo huo hupungua kadiri wanavyocheleweshwa kukutana.

Sera ya taifa nayo iliimarisha mwanzo huu wa kuchelewa bila kukusudia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyotekelezwa mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaufanya umri wa miaka 7 kuwa mlango wa lazima wa shule. Kwa mtoto anayesikia, miaka 7 ni umri wa kuanza kusoma lugha ambayo tayari anaizungumza. Kwa mtoto kiziwi uleule umri ukawa wa kuanza lugha yenyewe, kusoma, kuandika na kuishi mbali na wazazi, vyote kwa wakati mmoja. Mwalimu aliyempokea alitarajiwa kufundisha hesabu kwa mtoto ambaye hakuwa na neno la kuulizia.

Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndicho kilichoigeuza lugha ya bwenini kuwa hoja ya umma. Kazi ya kukusanya alama ilifuata, na mwaka 2004 Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania iliyohaririwa na Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapishwa. Kwa kamusi LAT ilipata hadhi ya lugha inayochunguzwa. Hata hivyo kamusi ni chombo cha anayejua kusoma. Mama wa mtoto wa miezi 8 anahitaji mtu wa kumwonyesha.

5.0 Ushahidi Kuhusu Mtoto Mchanga

Je, kuna ubaya gani mtoto akisubiri? Swali hili lilijibiwa taratibu na tafiti za miongo minne iliyopita, na majibu yake ndiyo yanayoipa historia hii uzito.

Mwaka 1991 Petitto na Marentette walionyesha kwamba watoto wachanga wa wazazi viziwi wanaotumia alama hubwabwaja kwa mikono, kwa utaratibu unaofanana na ule wa watoto wanaosikia wanaposema baba-ba-ba. Kwa maneno mengine, ubongo wa mtoto unatafuta lugha, na haujali sana kama lugha hiyo inapitia sikioni au machoni. Mwaka 1998 Yoshinaga-Itano na wenzake, kutoka Colorado, walionyesha kwamba watoto waliotambuliwa kuwa na tatizo la usikivu kabla ya miezi 6 na familia zao kupewa msaada walikuwa na lugha bora kuliko waliochelewa, iwe walitumia alama au usemi. Mwaka 2002 Mayberry na wenzake walilinganisha watu wazima viziwi na kukuta kwamba waliopata lugha yoyote utotoni waliweza kujifunza lugha nyingine ukubwani, wakati waliokosa lugha ya kwanza walitaabika katika kila lugha iliyofuata. Matokeo haya ya mwisho yanapaswa kusomwa na kila anayeshangaa kwa nini kijana kiziwi aliyemaliza darasa la saba hajui kuandika barua kwa Kiswahili. Tatizo lake huenda halikuanzia kwenye Kiswahili.

Wakati huohuo, historia nyingine ilikuwa ikiendelea mbali na viziwi. Katika miaka ya 1980 Linda Acredolo na Susan Goodwyn, wa California, walianza kuchunguza ishara ambazo watoto wanaosikia huzibuni kabla ya kusema. Chanzo kilikuwa binti wa Acredolo mwenyewe, ambaye alikuwa akinusa hewani kumaanisha ua. Kitabu chao cha mwaka 1996 kilieneza desturi ya kuwafundisha watoto wachanga wanaosikia alama za maziwa, bado na imekwisha, na mafunzo ya kulipia yakaenea Marekani na Uingereza. Madai kwamba alama huharakisha usemi wa mtoto anayesikia hayakuthibitika vizuri. Johnston na wenzake, katika mapitio yao ya mwaka 2005, walikuta ushahidi wenyewe ni dhaifu. Na Kirk na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2013 uliofuatilia watoto 40 kutoka miezi 8 hadi 20, hawakuona tofauti ya maendeleo ya lugha. Walichokiona ni kwa upande wa akina mama: waliohimizwa kutumia ishara walizidi kuzingatia dalili zisizo za maneno za watoto wao.

Hapa ndipo historia hizi mbili zinapokutana kwa namna inayopaswa kumsumbua mtafiti. Alama zilipelekwa kwa hiari katika vyumba vya watoto wanaosikia, ambao wangepata lugha hata bila hizo, kwenye nchi zenye uwezo. Mtoto kiziwi wa Muheza au Bumbuli, ambaye kwake alama ndiyo njia ya uhakika ya kuingia katika lugha, alisubirishwa mpaka darasa la kwanza. Kwa yule wa kwanza alama ni kitoweo. Kwa huyu ni ugali wenyewe.

6.0 Mgongoni na Mbele ya Uso

Itakuwa makosa kudhani kwamba malezi ya Usambara hayana ishara. Mtoto hufundishwa kupiga makofi, kupunga mkono, kupokea kwa mikono miwili, na kufungua viganja kuonyesha kwamba hakuna kitu. Huinua mikono ili abebwe. Huitwa kwa kiganja kilichoelekezwa chini. Mama hajui kwamba anafundisha, lakini anafundisha, na anafanya hivyo kwa mtoto anayesikia na asiyesikia bila ubaguzi. Huu ni mtaji ambao programu yoyote ya lugha ya alama kwa watoto wachanga ingeweza kuanzia.

Ila mtaji huo una mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni kwamba ishara hizi ni chache na hazijengi sentensi. Familia yenye mtoto kiziwi huziongeza kwa kubuni, na watafiti huziita alama za nyumbani. Zinatosha kuomba maji. Hazitoshi kueleza kwamba bibi amefariki, au kwa nini mtoto anapelekwa shule ya mbali. Mpaka wa pili unatokana na kazi. Katika miteremko ya Lushoto na mashamba ya Muheza, mama hulima, husomba maji na kwenda gulioni akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto anayesikia huendelea kupata lugha akiwa mgongoni, kwa kuwa sauti ya mama na ya wapita njia humfikia, na mtetemo wa mwili humwambia ni nani anayezungumza. Mtoto kiziwi mgongoni hupata joto, usalama na usingizi. Lugha hapati, kwa sababu lugha yake inahitaji uso na mikono ya mama. Ubebaji huu hauna kosa. Ni busara ya malezi yetu. Maana yake ni kwamba mama anayejua mapema kuwa mtoto wake hasikii atajua pia kwamba nyakati za kumgeuza mbele, yaani za kunyonyesha, kuogesha na kulisha, ndizo nyakati za kuzungumza naye.

Ujuzi huo hauhitaji mashine ghali. Unahitaji mtu wa kuutoa, na mtu huyo yupo. Vijana na wazee viziwi waliosoma Tabora, Buguruni na Mwanga walirudi vijijini. Wao ndio wazungumzaji hodari wa LAT, lakini jamii huwakuta katika useremala, ushonaji na kilimo, na ni nadra kuitwa kuketi na mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja. Tafiti za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya watoto 9 kati ya 10 viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Hivyo mnyororo wa urithi wa lugha hukatika katika kila kizazi, na katika kila kizazi bweni hulazimika kuuanza upya.

7.0 Sera na Pengo la Miaka ya Mwanzo

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba huo unazitaja lugha za alama kuwa lugha, na unazitaka nchi kurahisisha ujifunzaji wake. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikwenda mbele zaidi kwa kuifanya lugha ya ishara kuwa miongoni mwa lugha za Bunge. Hatua hizi ni kubwa. Hata hivyo mazungumzo yaliyozizunguka yalikuwa zaidi ya wakalimani, runinga, mahakama na madarasa. Ni mahali pa watu ambao tayari wana lugha.

Kwa upande mwingine, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, imehamisha macho ya serikali kuelekea miaka ya mwanzo ya uhai. Inasisitiza afya, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio. Mwitikio ndilo neno la kuzingatia hapa. Mama hawezi kumwitikia mtoto kwa njia ambayo mtoto haipokei. Mahali sera ya lugha ya alama na sera ya malezi ya awali zinapopaswa kukutana ni kliniki ya mama na mtoto, ambako karibu kila mama wa Muheza hufika kwa ajili ya chanjo. Swali moja la muuguzi, kama mtoto hugeuka anapoitwa kutoka nyuma, halitoshi kuwa kipimo. Linatosha kuanzisha safari.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ucheleweshaji wa lugha kwa mtoto kiziwi una historia, na kwa hiyo si majaliwa. Ulijengwa na dhana ya ububu, na mgogoro wa mbinu ulioletwa kutoka Ulaya, na tiba iliyohesabu uhai bila kuhesabu lugha, na sheria iliyoweka mlango wa shule kwenye miaka 7. Kila kimojawapo kilikuwa na nia njema au angalau mantiki yake. Kwa pamoja vilimfanya mtoto akae kimya katika miaka ileile ambayo ubongo wake ulikuwa tayari zaidi kupokea lugha.

Shule za viziwi hazistahili lawama kwa hili. Bila hizo LAT isingekuwapo. Zilibeba peke yao mzigo uliopaswa kuanzia nyumbani. Kwa watafiti wa historia, hatua inayofuata ni kukusanya masimulizi ya viziwi wazima wa Usambara kuhusu miaka yao ya kabla ya shule, kwa LAT na kwa alama zao za nyumbani, kabla kizazi cha wanafunzi wa kwanza wa Tabora na Buguruni hakijaondoka. Kwa vyuo vinavyofunza walimu wa elimu maalumu, hatua ni kumwandaa mwalimu anayeweza kuketi mkekani na mama, pamoja na yule anayesimama ubaoni.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo hutumiwa kwa nidhamu, lakini inafaa zaidi kwa lugha. Mtoto atakapozaliwa Muheza leo bila usikivu, kliniki itampima uzito na itamchanja. Swali ambalo historia hii inaliacha mezani ni nani atakayemwonyesha mama yake alama ya kwanza, na kama mtoto ataiona akiwa bado ananyonya au akiwa ameshika sanduku la bati kwenye lango la shule.